Umechaguliwa kuwa shemasi, sasa unaanzia wapi?

Jina lako limesomwa mbele ya kanisa, watu wamepiga makofi, mmepiga magoti mkawekewa mikono na kuombewa, alafu Jumapili inayofuata umesimama karibu na mlango hujui hata pa kuanzia. Wengi wetu tuliingia hivyo. Mimi miezi yangu ya mwanzo nilikuwa nadhani kazi yenyewe ni kupanga viti, kupitisha vikapu vya sadaka na kuwaonyesha watu pa kukaa, basi, na sikuwa na mtu wa kuniambia zaidi ya hapo maana hata wenzangu walijifunza kwa kuangalia tu waliowatangulia. Kwa hiyo naandika hapa yale ambayo natamani mtu angeniambia mapema, na kubwa kuliko yote ni hili: shemasi ni mtu wa kuhakikisha hakuna anayesahaulika. Viti na vikapu vinakuja baadae.

Anza na Matendo 6

Chukua Biblia, fungua Matendo ya Mitume sura ya 6, soma ule mstari wa kwanza mpaka wa sita taratibu kama unasoma maelekezo ya kazi uliyoajiriwa jana. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa linakua, watu wanaongezeka, na hapohapo manung'uniko yakaanza kwa sababu wajane wa Wayahudi wa Kiyunani, yaani Wayahudi waliozungumza Kiyunani, walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Angalia neno hilo, walisahauliwa. Hakuna mahali panaposema mtu fulani aliiba au aliwachukia, ni kwamba watu wamekuwa wengi, mambo yamekuwa mengi, na wajane wa upande mmoja wakapita kwenye upenyo bila mtu kuona. Mitume hawakuwakaripia waliolalamika, waliita kusanyiko lote wakasema haipendezi sisi kuliacha neno la Mungu tukahudumu mezani, chagueni watu saba walioshuhudiwa kuwa wema, waliojaa Roho na hekima. Wakachaguliwa Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao mwongofu wa Antiokia.

Sasa kuna kitu wengi wanapita haraka hapo. Majina yote saba ni ya Kiyunani. Yaani waliolalamika kwamba watu wao wanasahauliwa, inaonekana ndo haohao waliopewa dhamana ya kugawa, tena wagawe kwa wote. Mimi nikifikiria hilo naona hekima kubwa sana, maana mtu anayejua lugha ya wanaoachwa, anayejua nyumba zao na aibu zao, huyo ndiye atakayewaona. Kwa hiyo kama kanisa lako linachagua mashemasi na wote wanatoka kwenye kundi moja la watu wenye uwezo wao, wanaokaa benchi za mbele na kujuana, basi kaa na mchungaji mwambie kwa heshima kwamba kuna watu hawatafikiwa.

Sura hiyo yenyewe haiwaiti hao saba mashemasi, lakini kanisa tangu zamani limeona hapo ndipo huduma ilipoanzia. Neno la Kiyunani ni diakonos, mhudumu, na hili letu la shemasi limetujia kupitia Kiarabu. Na kwenye sura hiyohiyo neno la kuhudumu limetumika kwa meza na likatumika tena kwa Neno, mitume walisema wao watadumu katika kuomba na kulihudumia lile Neno, kwa hiyo asikudharau mtu kwamba wewe ni wa meza tu, ni huduma ileile.

Jua kanisa lako linamaanisha nini

Hapa usipokuwa makini utagombana na watu bure, kwa sababu shemasi wa kanisa moja sio shemasi wa kanisa lingine. Kwa Wakatoliki ushemasi ni daraja takatifu, la kwanza kati ya matatu, juu yake kuna upadre na uaskofu, na shemasi anabatiza, anahubiri, anasimamia ndoa na mazishi ila haadhimishi misa wala haungamishi. Wapo wa mpito wanaoelekea upadre, na wapo wa kudumu ambao huduma yao ilirudishwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, miaka ya 1960, na mwanaume mwenye ndoa anaweza kupewa akiwa na miaka isiyopungua 35 na mke wake akiwa ameridhia. Kwa Waanglikana mara nyingi ni hatua ya kabla ya ukasisi. Kwa Waorthodoksi shemasi ndiye anayeongoza zile sala za kuitikizana, sauti yake inasikika karibu ibada nzima. Wabaptisti wao wana mashemasi walei, yaani waumini wa kawaida wasio wachungaji, wanaochaguliwa na kusanyiko, Waadventista wana mashemasi wa kiume na wa kike ambao pamoja na mengine wanaandaa huduma ya kutawadhana miguu, na kwa makanisa yanayofuata mafundisho ya John Calvin, mwanamatengenezo wa kanisa, yeye kule Geneva mwaka 1541 aliweka huduma nne, wachungaji, walimu, wazee na mashemasi, na hao wa mwisho akawakabidhi maskini na wagonjwa. Kwa hiyo kabla hujafanya lolote omba katiba au mwongozo wa kanisa lako usome ile sehemu inayokuhusu, alafu umuulize mchungaji au padre wako swali moja la wazi, unategemea nini kwangu mwaka huu. Andika anachokujibu. Mimi naandika kama shemasi mlei, lakini mengi ya hapa chini yanamfaa yeyote.

Ulimi kwanza

Paulo kwenye 1 Timotheo 3 anataja sifa za mashemasi, wawe wastahivu, wasitumie mvinyo sana, wasitamani fedha ya aibu, wajaribiwe kwanza. Zote ni za maana ila mimi nakuomba usimame kwenye ile ya wasiwe wenye kauli mbili, kwa sababu ukiangalia maisha ya shemasi yalivyo utaelewa kwa nini imewekwa mwanzoni. Wewe unaingia nyumba nyingi. Asubuhi uko kwa mama ambaye mumewe ameondoka na hajamwambia mtu, mchana uko kwa familia ambayo ni majirani zake, jioni uko kwenye kikao. Pale kwa majirani mtu anakuuliza kiaina, eti mama fulani anaendeleaje, mbona mume hatumuoni siku hizi, na wewe kwenye uso tu unaweza kumaliza heshima ya yule mama. Jibu lako liwe fupi na liwe lilelile kwa kila mtu, namshukuru Mungu nilimkuta, tuendelee kumuombea, alafu unabadilisha mazungumzo. Hata kwenye kikao cha mashemasi sio lazima kila habari itajwe. Kama nyumba inahitaji msaada inatosha kusema kuna nyumba inahitaji msaada wa kiasi hiki, mimi na mwenzangu tumeihakikisha. Na sala nayo uichunge, kuna watu wanatoa siri ya mtu kwa njia ya kumuombea mbele ya watu wote, hilo ni umbea hata kama macho yamefumbwa.

Daftari

Hiki ndo kifaa chako kikuu kuliko ufunguo wa kanisa. Nakueleza kwa nini. Tulikuwa na mama mmoja mjane, mtu mzima, mkimya, alikuwa akikaa karibu na nguzo upande wa kushoto. Shemasi mmoja ndiye aliyekuwa akimfuatilia, anamjua, anampelekea kile kidogo cha kanisa, na taarifa zake zote zilikuwa kichwani kwa huyo shemasi. Akahamishwa kikazi, tukamuaga vizuri tu, tukampa na zawadi, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza ulikuwa unawatembelea akina nani. Miezi ikapita. Siku tunafika kwa yule mama, tena kwa bahati kwa sababu binti wa jirani alikuja kuuliza kitu kanisani, tulimkuta amekaa kitandani, mguu umevimba, Biblia iko juu ya stuli na bahasha zake za sadaka za miezi yote hiyo zimepangwa pembeni, kila moja imeandikwa tarehe ya Jumapili yake. Alikuwa anaweka sadaka yake kila wiki akisubiri kuja kuitoa. Akatuambia kwa upole kabisa, nilidhani mmeniondoa. Sikuwa na la kujibu na hata leo sina, lakini wiki hiyo tulinunua daftari.

Daftari lenyewe ni la kawaida. Kwenye kila mstari andika jina, anaishi na nani, namba ya simu yake na ya mtu wa karibu, shemasi gani anamfuatilia, na mara ya mwisho kuonwa ni lini. Hiyo ya mwisho ndiyo inayookoa watu. Orodha isiwe ya wajane peke yao, weka wagonjwa wa muda mrefu, waliofiwa mwaka huu, waliopoteza kazi, mama aliyejifungua hana msaidizi, mzee anayelea wajukuu, kijana mgeni mjini ambaye hana ndugu. Alafu kila kikao cha mashemasi kianze na kulisoma daftari kabla ya ajenda yoyote, kabla ya rangi ya ukuta na vipaza sauti, kwa sababu mkianza na vipaza sauti hamtafika kwenye watu. Jina likionekana halijaguswa mwezi mzima, mtu anajitolea palepale na tarehe inaandikwa. Daftari likae sehemu ya kufungwa, sio kwenye meza ya matangazo, na usiweke humo siri za watu, weka yale tu ya kukusaidia kuwafikia.

Na usisubiri mtu aombe. Anayeomba huyo tayari ana nguvu ya kuomba. Jifunze kuangalia benchi, mtu aliyekuwa anakaa mahali pake siku zote alafu Jumapili mbili hayupo, mtu aliyeacha kukaa mpaka mwisho akawa anatoka wakati wa wimbo wa mwisho ili asisalimiane na watu, mtu aliyekuwa anatoa na sasa kikapu kikifika anainama. Huyo wa mwisho usimfuate mlangoni mbele za watu, mpigie simu katikati ya wiki.

Ukienda kumtembelea mtu

Nendeni wawili, siku zote, na kama mwenye nyumba ni mwanamke anayeishi peke yake basi mmoja wenu awe mwanamke. Piga simu kabla. Kaeni, msikilizeni, msiwe watu wa kuangalia saa lakini pia msikae mpaka mgonjwa achoke, nusu saa kwa mgonjwa inatosha kabisa. Usimhubirie mtu aliyefiwa. Muulize kama angependa muombe, na ombeni kwa ufupi mkitaja yale aliyowaambia yeye. Kabla ya kuondoka uliza jambo moja la mikono, kuna kitu hapa ndani kimekushinda tungekusaidia leo, maana mara nyingi ni taa iliyoungua au dawa ambayo haijachukuliwa na hakuna mtu wa kumtuma.

Na picha jamani. Usimpige picha mtu unayempa msaada, usimshikishe kitu akatabasamu ili iingie kwenye grupu la kanisa, hata kama wafadhili wameomba. Yesu alishasema ukitoa sadaka hata mkono wako wa kushoto usijue unachofanya wa kuume, na yule anayepokea ana watoto wanaosoma na wenzao ambao nao wana simu. Kama ripoti inahitajika, andika idadi na kiasi, wapokeaji waweke sahihi kwenye karatasi inayokaa kwa mhazini, imetosha.

Sadaka

Hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu nimeona watu wema wakichafuka majina, sio kwamba waliiba, ila walihesabu peke yao. Usihesabu sadaka peke yako hata dakika moja. Wawe watu wawili au watatu wasiotoka nyumba moja, na wabadilishwe kwa zamu. Vikapu vikitoka mbele viende moja kwa moja kwenye chumba, visipite kwenye gari la mtu wala ofisi ya mtu. Bahasha ikifunguliwa kiasi kinaandikwa juu yake hapohapo kabla ya kuchanganya. Mmoja anahesabu, wa pili anahesabu tena bila kuambiwa mwenzake kapata ngapi, mkilingana mnaandika kwa tarakimu na kwa maneno, wote mnaweka sahihi, pesa inafungwa na kwenda benki mapema iwezekanavyo. Sadaka za simu ziingie kwenye namba iliyosajiliwa kwa jina la kanisa, kamwe isiwe namba ya shemasi hata kwa wiki moja ya dharura. Mtu akikukabidhi sadaka barabarani, mwandikie palepale na umtumie meseji ya kumthibitishia.

Kuna wanaoona hayo yote ni kutoaminiana. Paulo alipokuwa anapeleka mchango wa makanisa alikwenda na wenzake, na kwenye 2 Wakorintho 8 anasema wazi kwamba anajiepusha mtu asije akawalaumu, akifikiri yaliyo mema si mbele za Bwana tu bali na mbele za wanadamu. Kama Paulo alihitaji mashahidi, sembuse sisi.

Fungu la wahitaji liwe peke yake na lisiguswe kwa ujenzi. Najua shinikizo lilivyo, paa linavuja na hela ipo pale. Mkishaligusa mara moja halirudi. Kuna shemasi wa Roma aliyeitwa Laurenti, aliuawa mwaka 258 wakati wa mateso ya kaisari Valerian, na masimulizi ya kanisa yanasema alipodaiwa atoe hazina za kanisa aliwakusanya maskini akawaleta, akasema hizi hapa. Nikikaa kwenye kikao cha bajeti huwa namkumbuka.

Meza ya Bwana

Andaa siku moja kabla, usiandae asubuhi ukiwa unakimbizana. Kitambaa kifuliwe na kunyooshwa, vikombe viangaliwe kimoja kimoja kwenye mwanga kwa sababu vile vidogo vinabaki na alama chini, vihesabiwe na viongezwe kumi na zaidi kwa ajili ya wageni. Jua mtapita njia gani, nani anaanzia upande upi, na nani anawapelekea walioko nje, walio kwenye mitambo, wanaolea watoto na walinzi wa getini. Hao ndo husahaulika kila mara. Nawe mikono yako iwe safi na usitembee kwa haraka, mtu mzee anahitaji muda wa kushika kikombe.

Alafu kuna wale ambao hawakuweza kuja. Yustino Shahidi, aliyeandika katikati ya karne ya 2, anaeleza ibada ya Wakristo wa wakati wake na anasema mashemasi waliwagawia waliokuwepo mkate na divai iliyochanganywa na maji, kisha wakawapelekea wasiokuwepo. Nilipoisoma hiyo nilifurahi sana, karibu miaka 1900 iliyopita kuna shemasi alikuwa anatoka ibadani na chombo mkononi anaenda kwa mgonjwa. Kama taratibu za kanisa lako zinaruhusu, toa daftari, panga nyumba za kupitia mchana huohuo pamoja na mchungaji au mzee anayehusika.

Wanawake

Makanisa yanatofautiana juu ya kuwawekea mikono wanawake na sitaki kukutafutia ugomvi na kanisa lako. Ila Fibi wa Kenkrea kwenye Warumi 16 ameitwa kwa neno hilohilo la diakonos, na gavana Plinio wa Kirumi karibu mwaka 112 alimwandikia kaisari Trajan kwamba amewatesa wanawake wawili watumwa walioitwa wahudumu ili apate habari za Wakristo. Kule Kaiserswerth, Ujerumani, kuanzia mwaka 1836 mashemasi wa kike walifundishwa kuuguza wagonjwa, na Florence Nightingale, yule muuguzi Mwingereza maarufu, alikwenda kujifunza kwao. Kwa vyovyote vile, wajane hawawezi kuhudumiwa vizuri na wanaume watupu. Kuna mambo mama hatamwambia shemasi mwanaume hata akae hapo mpaka jua lizame.

Na mchungaji, na nyumbani kwako

Wewe sio polisi wa mchungaji na sio mbeba mkoba wake. Mpe ripoti fupi kila wiki, nani mgonjwa, nani kafiwa, nani anahitaji yeye mwenyewe afike, ili asisikie habari za kondoo wake barabarani. Ukiona jambo lake haliko sawa mwambie yeye kwanza, uso kwa uso, sio kwenye grupu la mashemasi. Na mambo ya mafundisho na nidhamu mwachie yeye na wazee, hata kama una maoni mazuri.

Nyumbani nako pasiwe mahali pa kusahaulika. Paulo anataka shemasi asimamie watoto wake na nyumba yake vizuri, na hilo linahitaji uwepo. Wekeni zamu ili kila shemasi apate Jumapili ya kukaa na familia yake kwenye benchi kama watu wengine, na simu izimwe siku moja ya wiki huku mwenzako akipokea za dharura.

Muda wako wa huduma ukiisha, au ukihama, usikabidhi funguo kwenye kikao ukaondoka. Chukua wiki mbili tatu, mchukue shemasi anayepokea, pitieni nyumba zote zilizo kwenye mistari yako moja baada ya nyingine. Mtambulishe kwa jina, mwonyeshe mlango unaogongwa, mwambie mama huyu hasikii vizuri sikio la kulia kwa hiyo ukae upande huu. Na siku hiyo wewe kaa kimya, mwachie yeye aombe.